Vilemba Visivyoanguka

Siku ya majaribio Harjit alipewa vilemba thelathini avifunge. Alikuwa fundi cherehani kutoka Nairobi, ana miezi miwili tu London, mwaka ule wa 1968, na kiwanda hiki cha Edmonton kilishona mavazi ya sinema. Akifaulu angeajiriwa. Asipofaulu angerudi kubisha mlango hadi mlango, na mkewe angeendelea kungoja barua kule Ngara, Nairobi.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ya askari wajinga waliopotea jangwani. Jangwa lilikuwa mchanga wa malori matatu uliomwagwa katika banda la kupigia picha, nje mvua ikinyesha. Ngamia alikuwa wanaume wawili ndani ya ngozi moja.

Harjit alifunga kama alivyofundishwa na baba yake, kunjo juu ya kunjo, ncha ikifichwa nyuma. Mazoezi yakaanza. Waigizaji waliovaa vilemba hivyo, walinzi wa sultani, wakagongana, ngamia akawakalia, wakabingirika. Walipoinuka, vilemba vilikuwa palepale, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Wakarudia mara tatu. Mwongozaji alitaka vianguke. Kicheko kilikuwa hapo.

"Nani kafunga hivi?" msimamizi akauliza.

Lila, mshonaji mzaliwa wa Mombasa, akamnong'oneza Harjit, "Bwana Singh, umefunga au umepiga misumari?"

"Sijui kufunga cha kuanguka, dada. Kwetu kilemba kikianguka ni aibu."

"Basi legeza kidogo. Kazi hiyo yakuponyoka."

Akashika kimoja akajaribu. Vidole vikagoma. Akaitazama suruali pana ya mlinzi aliyekuwa mbele yake. Kisha akaomba nusu saa. Yeye na Lila wakachomoa kamba za suruali zote, wakatia uzi mwembamba mahali pake.

Ngamia alipowakalia tena, nyuzi zilikatika. Walinzi wakainuka wamebaki na kaptula za ndani za maua, suruali miguuni, wakapiga saluti, vilemba vimenyooka vilevile. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa mchangani.

"Kesho saa mbili asubuhi," msimamizi akamwambia Harjit. "Na kila siku baada ya hapo."

Harjit akakunja tepu yake ya kupimia polepole, akaitia mfukoni.

"Lila, stempu za barua ya Nairobi zinauzwa wapi?"

"Posta ya pale kona. Wanakaribia kufunga, kimbia. Lakini shika suruali yako."