Kopo Lisilotaka Kuoza

Siku Hemlata alipofukuzwa kiwandani, wifi yake Kamni hakumpa hata kiti. Alimsimamisha mlangoni, mbele ya wafanyakazi waliokuwa wakikaanga dengu, akamwambia, "Wifi, wewe ni mchoraji tu. Kazi ya kuchora imekwisha. Mambo ya kiwanda huyajui."

Jainend, mume wa Hemlata na kaka yake Kamni, alikuwa hajamaliza mwaka tangu afariki. Mji mzima wa Lautoka, huko Fiji, ulijua nani aliyeliinua jina lake. Zamani dengu zao za pilipili ziliuzwa katika mifuko ya plastiki inayong'aa, zikapotea kwenye rafu katikati ya mifuko mingine mia inayong'aa vilevile. Hemlata ndiye aliyekwenda kwenye kiwanda cha sukari, akatazama mlima wa makapi ya miwa, akasema kopo litoke humo. Akalitengeneza la rangi ya udongo, lenye nyuzi unazozihisi kidoleni, na utepe mmoja mwekundu wenye jina la Jainend. Kwenye kifuniko akaandika: Nizike bustanini.

"Harusini wote wakivaa dhahabu," alimwambia mumewe, "macho yatamfuata aliyevaa pamba."

Yalimfuata kweli. Watu walilishika kopo lile kabla hawajajua ndani mna nini. Walikula dengu, wakalijaza udongo, wakapanda mche, wakalizika lote. Mvua ikishuka mara chache, kopo linakuwa mboji na mizizi inapita.

Baada ya kufukuzwa, Hemlata alihamia chumba cha uani kwa Vasemaca, jirani yake wa miaka mingi, mama wa Kifiji mwenye sauti ya kwaya na mkono usiojua kumnyima mtu. Huko ndiko alikoliona kopo jipya la Kamni. Utepe ule ule, maneno yale yale. Alipolishika tu, kidole kikakataa. Akakata kipande, akakiwasha kwa kiberiti. Hakikushika moto kama karatasi. Kilijikunja, kikadondosha matone meusi, kikanuka.

Plastiki, iliyopakwa rangi ya makapi.

Mtu mwingine angepiga kelele asubuhi ile ile. Hemlata alikaa kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jichimbie, wifi," alisema. "Mimi nitakushikia jembe."

Haikupita wiki, Vasemaca akaingia na gunia la makopo matupu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameyakusanya ili wapande mbilingani na pilipili za kuuza kwenye mnada wa kanisa.

"Hemi, haya si yale yako? Tuyazike mazima kama yalivyoandikwa?"

Hemlata alimtazama rafiki yake usoni. Neno la kweli lilikuwa pale pale ulimini.

"Pandeni," alisema. "Fanyeni kama kifuniko kinavyosema."

Mvua kubwa zikaja. Akina mama waliamka mapema kuangalia miche yao, wakaikuta imeinamisha vichwa. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya makopo kama ndani ya ndoo. Mizizi ilioza, makopo hayakuoza. Vasemaca alichimbua moja, akalikung'uta, likang'aa kama lilivyotoka dukani.

"Huyu Kamni ametufanya wajinga!" alifoka. "Nakwenda kumrudishia uchafu wake leo hii!"

"Usiende leo, dada," Hemlata alimwambia taratibu. "Nenda Jumatano. Wanunuzi kutoka Auckland watakuwa kiwandani."

Jumatano Kamni alivaa sari ya kijani na kuwapokea wageni getini kwa mashada ya maua. Alikuwa katikati ya hotuba, akisifia kopo linalorudi udongoni, gari la mizigo la kanisa lilipofika. Akina mama wakashuka wakiimba, kila mmoja na kopo lake lenye matope na mche uliokufa. Wakayapanga miguuni pa wageni.

"Bula, mama," Vasemaca alimsalimu Kamni. "Tumekuletea maiti zako. Tumezizika, zimekataa kufa."

Wafanyakazi waliangua kicheko. Mgeni mmoja aliokota kopo, akalikwaruza kwa ukucha. Rangi ya kahawia ikabanduka, plastiki nyeupe ikatokeza. Alimtazama Kamni, akalirudisha chini kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

Ndipo Kamni akamwona Hemlata, amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli.

"Ni wewe! Mchawi wewe!"

"Mimi, wifi?" Hemlata alijibu kwa sauti ya kusikika. "Mimi mchoraji tu. Mambo ya kiwanda siyajui."

Wageni waliondoka bila kula chakula walichopikiwa. Maduka ya Suva na Nadi yakarudisha makopo, na kabla ya Krismasi sufuria za kiwanda zilikuwa zimepoa. Kamni alikwenda mwenyewe uani kwa Vasemaca, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

"Rudi, Hemi. Watakuamini wewe. Jina lililo kwenye kopo ni la kaka yangu. Ni la mumeo. Unataka life?"

Hemlata alimmiminia chai, akatia iliki, kama anavyofanyiwa mgeni.

"Ulilivika plastiki, wifi. Kunywa chai, uende."

Mwaka uliofuata Hemlata alifungua kiwanda chake kidogo, akawachukua wakaangaji wote wa zamani. Kopo lilikuwa la makapi ya miwa, la umbo jingine, na jina la mumewe halikuwemo, maana jina lile lilikuwa limechafuka, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolichafua.

Vasemaca alikuja kushuku. Alimwuliza jikoni, akimenya muhogo, bila kuinua macho.

"Siku ile niliyokuletea gunia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kisu kilisimama. "Miche mia mbili, Hemi. Wanawake wale wote. Mimi."

"Nilimtaka yeye," alisema Hemlata. "Ninyi mlikuwa njiani."

Vasemaca alimaliza kumenya. Jioni akaweka vitu vya Hemlata barazani, vimefungwa vizuri, na sahani ya muhogo wa nazi juu yake.