Chai ya Kuinuka

Umepita pale. Usiniapie. Umepita Kawangware, kwenye ule uchochoro wa nyuma ya maduka, ukasikia kelele za wanaume mchana wa Jumamosi, ukaona viatu vya mafundi mlangoni vikiwa na vumbi la mbao na la saruji, na ukajua kabisa kinacholiwa mle ndani. Ukatazama simu yako. Mchungaji naye ana simu, akatazama yake.

Mimi nakikumbuka kile chumba kilipokuwa kinu cha unga, na mwenye kinu alikuwa akipunja kipimo. Kikawa ofisi ya kampeni, tukapewa fulana. Kikawa kanisa, tukachangia jengo ambalo halijaota hata msingi. Sasa ni meza ya Nyamai ya poka, ile kamari ya karata. Kibao hubadilika, mdomo ni ule ule.

Kwa Nyamai noti hazionekani mezani. Unampa pesa mlangoni, anakupa vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi nyekundu, na rundo lako linaitwa mlima. Hakuna sheria inayosema mlima uwe mkubwa. Lakini kaa na mdogo uone. "Buda, huo ni mlima ama kichuguu?" Mtu anaona haya, anaongeza. Ndivyo Lusweti, fundi wa viti pale Soweto East, alivyoongeza na kuongeza, mpaka akampelekea Nyamai cherehani ya mke wake iwe rehani.

Mke wake ni Nekoye. Sisi majirani wa Kambi Muru tunamwita Mama Joan, na sare za shule za watoto wetu zilitoka kwenye ile cherehani. Nyamai alimwambia alete pesa yote, la sivyo Jumatatu kuna mtu wa mtaa wa Satellite anakuja kuinunua. Nekoye alikuwa na nusu. Akambembeleza apokee nusu. Nyamai akacheka.

Jumamosi asubuhi akanigongea mlango.

"Nisindikize Kawangware. Naenda kucheza."

"Mama Joan, umechizi?"

"Nani alikuwa akimfanyisha Baba Joan mazoezi? Si ni mimi, hapo kitandani, na maharagwe badala ya vifuniko? Nimesikia kila karata aliyopoteza. Na nikwambie, hakuna Jumamosi hajawahi kushinda. Kila mara kuna wakati alikuwa juu. Shida yake si karata. Anaweka nyumba yote mezani, halafu hajui kuinuka."

Alibeba kikapu chenye chupa kubwa ya chai. Nilidhani ni ya njiani.

Tulimkuta Lusweti ameegemea ukuta, hana hata kifuniko kimoja, anatazama tu wengine wakicheza kama mtu anayenusa nyama choma ya jirani. Alipomwona mkewe, alitafuta pa kuficha uso akakosa. Mezani alitawala Kaveke, dalali wa ploti, na mlima wake ulikaribia kumfika kidevu. Nekoye akanunua vifuniko kwa ile nusu yake, akavipanga mbele yake. Havikujaza hata sahani.

"Mathe," Kaveke akasema, "hiyo si hata kichuguu. Hiyo ni chunusi."

"Chunusi nayo huuma, kijana. Gawa karata."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo wanapotumaliza. Kwenye poka, mtu hawezi kukunyang'anya zaidi ya kile ulichoweka mbele yako. Kaveke angekuwa na mlima wa kufika mawinguni, lakini akipambana na Nekoye alipambana na ile sahani tu. Mlima mkubwa humtisha yule aliyeleta wa kwake wote. Tena mwenye mlima huwa na dharau. Anafuata kila dau dogo, kwa sababu dogo halimuumi.

Nekoye akakaa. Akatupa karata, akatupa tena. Kila mzunguko ukamla kifuniko kimoja au viwili. "Mama amekuja kupunga upepo!" wakasema. Akatupa nyingine. Kisha akapata wafalme wawili, na akasukuma vyote katikati.

Wawili walikuwa wameshatia vyao, wakajitoa. Kaveke hakufikiri hata kidogo. "Nafuata. Hiyo ni pesa ya mandazi." Alikuwa na ace, karata inayompita mfalme, na saba.

Karata tano za kutumiwa na wote zikafunuliwa mezani, moja baada ya nyingine. Saba ikatokea, Lusweti akafumba macho. Ace haikutokea. Sikudanganyi, ingeweza kutokea, na tungerudi nyumbani tukilia ile nusu. Lakini ingekuwa ile nusu tu. Haikutokea. Chunusi ikawa jipu, na vile vya waliojitoa vikafidia vilivyokuwa vimeliwa; pesa ya cherehani ikatimia.

Lusweti akaruka kutoka ukutani. "Mama Joan! Bahati ndiyo hiyo imeingia! Keti tummalize, turudishe zote!"

Nekoye akakusanya vifuniko vyake, akainuka. "Baba Joan, nishikie kikapu."

Nyamai akatabasamu. "Sawa, mama. Lakini nyumba hii ina desturi. Anayeinuka na ushindi hununulia meza chai. Ngoja kidogo. Mutanu! Injika chai!"

Mutanu ni mkewe. Na hiyo chai ndiyo mtego. Makaa hayajawashwa, maji hayajachotwa, mtu ndiyo kwanza anatumwa maziwa. Mshindi anangoja akiwa ameketi, mlima umemjaa mbele, karata zinaendelea kugawiwa. Nani atakunja mikono? Anacheza mmoja tu, wa kupitisha wakati. Chai inapofika, anainywa hana kitu. Lusweti alikuwa ameinywa mpaka anaijua ladha yake.

Nekoye akafungua kikapu.

"Chai hii hapa. Ya maziwa, ina tangawizi. Vikombe viko wapi? Mimi naheshimu desturi."

Aliyecheka kwanza ni Mutanu, amesimama mlangoni na makaa mkononi. "Ai, Nyamai! Leo umepatikana!" Akaleta vikombe mwenyewe, na mafundi wote wakapasuka kicheko. Kaveke akaonja.

"Sukari imezidi."

"Ni ya kupoza uchungu. Maliza."

Akavisukuma vifuniko kwa Nyamai. "Cherehani yangu." Nyamai akatazama meza. Wote walikuwa wameweka karata chini, wanamtazama yeye. Akaitoa.

Lusweti aliisukuma kwa mkokoteni mpaka Kambi Muru, hakukubali nimpokee. Karibu na nyumbani akasema, "Ile ya chai, ungeniambia mapema."

"Ni wewe uliniambia. Kila Jumamosi. Ila hukuwa ukijisikia."

Wiki iliyofuata mafundi wawili waliingia kwa Nyamai na chupa za chai kwapani. Nyamai akapiga marufuku chai ya kutoka nje. Umesikia? Mtu asiyeogopa kula cherehani ya mama anaogopa chai! Hapo nikajua anashindika. Sasa Lusweti hukaa Jumamosi nzima pale uchochoroni, haingii, anawaita wenzake kwa majina kupitia dirishani. Tayari wengine wanatoka. Mwashi mmoja wa Soweto East alitoka akiwa ameshinda, akaenda moja kwa moja kukomboa mwiko wake.

Lakini Lusweti hawajui wote. Wa kwako unamjua wewe, na jina lake limekujia hapo uliposoma mlangoni kuna viatu. Mpigie. Usimhubirie, keshahubiriwa. Muulize ameweka nini mezani. Akikwambia yuko juu, mwambie avichukue vyake atoke, chai atainywa kwako. Injika maji na upige simu. Sasa.