Ufunguo wa Bibi Redio

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa mikutano. Mkutano ukizidi saa moja naanza kuhesabu vifungo kwenye mashati ya watu. Lakini siku vikundi vyetu vitatu vilipoungana nilikaa mpaka mwisho na kupiga makofi kama wenzangu, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Kikundi chetu kilikuwa cha akina mama kumi na mmoja, tukiwatembelea wazee wasioweza kutoka ndani. Tuliungana na chama cha wastaafu, wenye ofisi na simu, na kikundi cha huduma ya kwanza, wenye machela na mabega ya kubebea watu. Tukagawana mitaa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye sauti yake haijawahi kutoka darasani, alirudia kanuni moja mara tatu: "Tusiingiliane. Mtaa wa mwenzako ni wa mwenzako."

Mtaa wa Bibi Redio ukaangukia kwa wastaafu.

Alikuwa na redio, ndiyo, lakini jina hilo tulimpa kwa sababu ya mdomo wake. Ukimwogesha anasimulia, ukimlisha anasimulia. Miguu ilikuwa haimbebi tena. Mlango nilikuwa naufunga mimi kwa nje, maana wezi walishaingia kwake mara mbili wakabeba vitu huku akiwatazama kutoka kitandani. Ndoo niliyomjazia maji ilimtosha siku mbili.

Jumamosi nilimuaga.

"Na ufunguo, mjukuu wangu?" akaniuliza.

"Watakuja kuuchukua kwangu, Bibi."

"Wasipokuja?"

"Watakuja. Sasa tuko wengi."

Fomu ya makabidhiano ilikuwa na nafasi ya jina, umri, ugonjwa na vyakula asivyokula. Nafasi ya ufunguo haikuwepo. Nikautia mkobani. Na niseme ukweli, moyo wangu ulipata nafuu. Nilikuwa na sare sitini za shule za kushona, na masikio yalikuwa yamechoka.

Jumatatu jioni nilipita ofisini kwa wastaafu. Ukutani walikuwa wameweka ubao mkubwa, majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina nafasi ya kuandika. Mbele ya Bibi Redio katibu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: *Ameshughulikiwa.* Kwetu sisi akina mama neno hilo lilikuwa na maana moja tu: umemgusa mtu kwa mikono yako, ameoga, amekula, ndoo imejaa. Nikajua wamepata njia yao ya kuingia, pengine wamebadilisha kitasa. Nikaenda zangu nyumbani kushona.

Alhamisi asubuhi fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko mwanzo wa uchochoro wa Bibi, alileta suruali nimpunguzie.

"Bibi yako mmemfanyaje?" akaniuliza. "Tangu jana mchana redio haisikiki."

"Ameshughulikiwa," nikamjibu, na pini zimejaa mdomoni.

Akacheka. "Hiyo si lugha ya polisi hiyo? Tutamshughulikia!"

Nikacheka naye. Alipoondoka cherehani ilinikatia uzi mara tatu, na mara zote tatu nilijikuta nimeutazama mkoba. Ningeweza kuinuka. Ni mwendo wa dakika kumi. Nikajiambia mtaa wa mwenzako ni wa mwenzako, nisije nikaitwa mama kiherehere.

Ijumaa saa nne tulikutana kusherehekea wiki ya kwanza. Ubao ulikuwa umejaa. Bibi Redio alikuwa na *ameshughulikiwa* tatu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hakuna aliyemzidi. Mwenyekiti akaanza kutusifu, karatasi ya mahudhurio ikanifikia, nikaingiza mkono mkobani kutafuta kalamu. Nikatoka na ufunguo.

Niliutazama pale kiganjani.

"Samahani, mwalimu," nikamkatiza. "Kwa Bibi Redio mnaingiaje?"

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akafungua daftari.

"Jumatatu tulimshughulikia," akasema. "Sisi wazee hatuwezi kubeba maji, kwa hiyo jina lake tulilipeleka huduma ya kwanza siku hiyo hiyo."

"Na sisi tulimshughulikia Jumatano," akasema mkuu wa huduma ya kwanza, dereva wa lori mwenye shingo pana. "Tulifika, tukakuta kumefungwa kwa nje. Tukajua ametolewa, yuko kwa ndugu. Tukaacha karatasi chini ya mlango, tukawaandikia barua akina mama."

Wote tukamgeukia kiongozi wetu, muuguzi wa zamani, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosea dawa ya mtu.

"Barua nimeipata leo asubuhi," akasema polepole. "Nikatazama ubaoni, nikaona ameshashughulikiwa mara mbili. Nikaandika ya tatu, nikaiweka kwenye faili."

Sikumbuki kuinuka, nakumbuka niko barabarani nakimbia na viatu mkononi, na nyuma yangu wanakuja wote, hata wastaafu na fimbo zao.

Uchochoro ulikuwa kimya. Mbele ya mlango kilikuwepo kitambaa cha kufutia miguu, nilichomshonea mwenyewe kwa mabaki ya sare. Pembe yake moja ilikuwa imeinuka kidogo. Nikakiinua. Chini yake palikuwa na karatasi iliyosukumwa kutoka ndani. Upande mmoja, kwa kalamu ya wino: *Tulifika Jumatano saa sita. Mlango umefungwa. Tumewaarifu wenzetu.* Upande wa pili, kwa penseli, herufi zinapanda na kushuka:

*Nipo. Ufunguo anao mjukuu wangu fundi. Mwambieni maji yamekwisha.*

Jumatano saa sita. Alhamisi asubuhi nilikuwa napunguza suruali.

Ufunguo uliingia vizuri na kitasa kikazunguka, kitasa kile kile. Nikasukuma. Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja, ukagoma. Ulikuwa umezuiwa na kitu kizito chini, upande wa ndani.

"Bibi," nikaita. "Bibi, ni mimi."

Nikapiga magoti, nikapitisha mkono kwenye uwazi. Niligusa nywele kwanza, kisha bega. Bega lile nimeliogesha miaka minne, lilikuwa na joto hata siku za baridi. Sasa lilikuwa baridi kama sakafu.

Muuguzi aliinama kando yangu, akapitisha mkono wake, akautuliza pale kwa muda mrefu. Alipoutoa alinishika kisogoni kama mtoto. Dereva wa lori akavua kofia. Mwenyekiti aligeukia ukuta.

Katibu ndiye aliyebaki amesimama katikati ya uchochoro na daftari lake. Maskini, nadhani alishika kalamu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Hapa," akauliza kwa sauti ndogo, "tuandike nini?"

"Andika jina langu," nikamwambia.