Kitalu cha Clemence

Jumatatu Clemence alisia mbegu za kabichi kwenye kitalu chake, mlimani juu ya Soni, akazifunika kwa nyasi kavu zisichimbuliwe na mvua. Jumatano moyo wake ulisimama akiwa shambani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Jenoveva alimzika mumewe, akakaa matanga, akapokea mikono ya waliokuja kumpa pole. Kitalu hakuna aliyekikumbuka. Mbegu zikichomoza, nyasi huondolewa siku hiyohiyo, na miaka yote aliyeziondoa alikuwa Clemence. Waombolezaji walipotawanyika, siku ya kumi tangu mbegu zitiwe ardhini, Jenoveva alishuka peke yake akafunua.

Miche ilikuwa imeota, lakini ya manjano iliyopauka, mirefu na myembamba kama nyuzi, imelaliana. Akapiga magoti akaitazama, asiweze hata kulia.

Hezekia, mdogo wa marehemu, alimfuata na jembe begani.

"Shemeji, hii imekwisha. Ng'oa, tusie upya kabla mvua hazijakatika."

"Sing'oi."

"Haina rangi ya uhai."

"Hii ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya kaka yako, Hezekia. Niache."

Hezekia akaondoka amenuna. Jenoveva akachomoa mche mmoja, akaufungia kwenye pindo la kanga, akapanda hadi kwa Yunis, mwalimu wa baiolojia aliyepanga nyumba ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niangalizie mche huu. Unaumwa?"

Yunis akaugeuza mche kiganjani. "Hauumwi, mama. Umekosa mwanga. Ule ukijani wa majani, klorofili, mche huanza kuuandaa hata gizani. Unafika hatua chache kabla ya mwisho, unakwama. Hapo hauvuki mpaka mwanga uuguse. Siku zote hizi umekuwa ukirefuka kuutafuta, huku ukila akiba ya mbegu."

"Na akiba ikiisha?"

"Unakufa. Iache wazi kuanzia leo. Ila usiitupie jua kali la mchana ghafla, itaungua."

Jenoveva akajenga kichanja cha matawi juu ya kitalu, jua lipenye kidogokidogo. Kesho yake alidhani macho yanamdanganya: majani yalikuwa yameanza kuingia ukijani. Jioni ya siku ya pili hapakuwa na shaka tena. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia kwa sauti hadi majirani wakasikia.

Si yote iliyopona. Zaidi ya nusu ililala isiinuke tena. Wiki tano baadaye ilibaki mia na kitu. Alipoipeleka kwenye matuta, alimkuta Hezekia amekwisha kuchimba mashimo, yenye kina kirefu kuliko kawaida.

"Mashina yake ni dhaifu," alisema bila kumtazama. "Tuyafukie mpaka karibu na majani."

Wakapanda hadi mstari wa mwisho, kila mmoja upande wake wa tuta.