Kumlisha Kimbunga

Kila mlo katika nyumba ile ulikuwa vita. Baba anabana miguu, mama anabana mikono, kijiko kinasukumwa katikati ya meno, na Kimbunga, msichana wa miaka saba asiyesema neno, anatema, anajigonga kichwa ukutani, anamng'ata aliye karibu. Mama mtu alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ilijaa alama za meno hadi wateja wakamuuliza anafuga mnyama gani.

"Nafuga binti," aliwajibu, na mzaha ukaishia hapo.

Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu alimshauri mama atafute kitu ambacho mtoto atakipenda kiasi cha kukubali kula ili akipate. Walijaribu pipi, akamrushia baba yake usoni. Walijaribu mwanasesere, akamng'oa kichwa. Mtoto akazidi kukonda, na baba, mchomelea vyuma mwenye hasira za karibu, akachoka.

"Asipokula mwenyewe hadi Jumapili, nampeleka kwa dada yangu," alisema. "Kule atafungwa kamba mguuni, atatulia."

Mama alimjua wifi yake. Kamba angeifunga kweli. Siku hiyohiyo Kimbunga alinyakua gauni la mteja kwenye cherehani, akalipasua toka shingoni hadi kwenye pindo. Mama akamzaba kofi, akamwongezea la pili, kisha mkono ukasita. Mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa ameweka sikio kwenye kitambaa, anakivuta polepole ili asikie kinavyochanika. Mama aliona aibu ya yale makofi mpaka akakaa chini.

Tangu hapo wakawa na utaratibu: kijiko kimoja, kisha kipande kimoja cha kitambaa cha kuchana. Mkononi mwa mama alikula bila vita. Lakini kila aliposhikishwa kijiko mwenyewe, alikitupa.

Jumapili baba akaingia na begi la nguo za mtoto. Kimbunga alikuwa ameketi mbele ya bakuli, kijiko kando.

"Mpe muda kidogo, Baba Kimbunga," mama alimsihi. "Yuko karibu."

"Nimempa miaka saba."

Akamnyanyua kwa mkono mmoja. Mtoto akamng'ata bega, naye akampiga kibao cha uso. Mama akamrukia mumewe mgongoni, wakaanguka wote watatu sakafuni. Katika purukushani ile Kimbunga akalikamata shati la baba yake kifuani, akavuta kwa nguvu zake zote. Likapasuka hadi kiunoni. Baba akainua ngumi.

Kimbunga hakuwa na habari naye. Damu ikimtoka puani, alitambaa hadi kwenye bakuli, akashika kijiko, akachota, akala. Alikuwa ameshachana, sasa ilikuwa zamu ya kijiko.

Akachota cha pili, mwenyewe tena. Alipomeza, akamgeukia baba yake, akangoja kipande chake.

Ngumi ilikuwa bado juu. Baba akaishusha, akasogea kwa magoti, akamnyooshea mwanawe mkono wa shati uliobaki mzima.