Kesi ya Harage na Usingizi wa Mchana

Usiku wa jana niliota nimeitwa jikoni, na kwa bahati mbaya sikuwa nimeitwa kula.

Kwanza nieleze kwa nini jiko liwe na shida na mimi. Shuleni kwetu kila mwanafunzi wa kidato cha sita hufanya utafiti wake mwenyewe: anachagua mada, anakusanya data, kisha anawasilisha mbele ya mkuu wa shule. Wenzangu walichagua mambo ya maana, kama maji ya kisima na mmomonyoko wa udongo nyuma ya bwalo. Mimi nilichagua "Athari za Maharage kwa Usingizi wa Kipindi cha Mchana", kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. Hitimisho niliandika kabla ya kukusanya data, maana mwandiko wangu huwa mzuri mwanzoni tu.

Mkuu wa shule aliipenda mada. Akatangaza mstarini kwamba nikithibitisha, maharage yanatoka kwenye ratiba ya chakula na kabichi inaingia, kila siku, bila huruma. Nusu ya shule ikaacha kunisalimia. Nikajiambia ndivyo wanasayansi wanavyoishi.

Uwasilishaji ulikuwa asubuhi ya leo. Kwa hiyo jana kabla ya kulala nilifanya mazoezi, nikamsomea rafiki yangu Tulinagwe, anayelala kitanda cha juu yangu, huku yeye ameketi huko huko juu akipiga mswaki. Hakuuliza swali hata moja. Nikajua nimeeleweka, nikalala kwa amani.

Basi, katika ndoto naingia jikoni na hakuna mpishi. Kuna meza ndefu, na kwenye kiti cha mkuu wa shule amekaa harage mmoja mwekundu, mnene kama gunia, amevaa miwani. Sikujua kama harage huamkiwa. Lakini alionekana amekaa stoo muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa duniani, nikaona nisijitafutie balaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Nsia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nasikia unanifukuza shule."

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni data."

"Haya. Na huyo uliyemshika mkono ni nani?"

Nikatazama pembeni. Kweli, nimemshika mkono kiumbe mwembamba, miguu kama njiti za kiberiti, anatetemeka mwili mzima.

"Ni nadharia tete yangu," nikasema.

"Imepimwa?"

"Bado, Mheshimiwa. Ila nina imani nayo."

"Ipimwe."

Nikadhani anatania. Hapana. Mzani wa kupimia mchele unajisogeza wenyewe hadi miguuni petu, unakohoa, unasema "Panda, mwanangu." Nadharia yangu inapanda. Mshale hausogei hata kidogo. Mzani unaomba radhi, unajipangusa, unajaribu tena. Mshale umetulia pale pale.

"Mama," nadharia ikaniambia, "mbona hukunilisha chochote?"

Nikajifanya sijasikia. Nilikuwa nimeshazoea kumjibu hivyo msimamizi wangu, Madam Kokushubila.

Nikipepesa macho, jiko limekuwa darasa letu. Hakuna aliyelihamisha. Ubao upo, feni mbovu ipo, ila sufuria kubwa bado iko motoni pale anaposimama mwalimu. Darasa zima limo, kila msichana amelaza shavu kwenye dawati.

"Hawa ndio data," nikasema kwa kiburi. "Wamekula maharage, na uwaone."

Harage akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akawageukia waliolala.

"Wanangu, mchana mlianza kusinzia wakati gani?"

Wakajibu kwa pamoja, macho yamefumbwa, kama tunavyomwitikia mwalimu akiingia:

"Alipoanza kusoma!"

"Nani?"

"Nsia!"

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilipokuwa macho sikuliona kuwa jambo. Madam Kokushubila aliniambia washiriki wa utafiti ni lazima waelezwe utafiti wenyewe kabla ya kuangaliwa. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu, hasa zinazonipa nafasi ya kusimama mbele za watu. Kwa hiyo kila mchana, kabla mwalimu hajaingia, nilisimama mbele ya darasa nikasoma usuli wa tatizo, malengo yote, na umuhimu wa utafiti kwa taifa. Kisha nilikwenda kukaa nyuma, nikahesabu waliolala. Walikuwa wengi kupita matarajio. Nilifurahi sana.

"Na siku ambayo Nsia hakusoma?" akauliza Harage.

"Alikuwa na homa! Tulikula maharage, tukafanya hesabu mpaka kengele!"

"Napinga," nikasema. "Hawa wamelala. Ushahidi wa mtu aliyelala haufai."

"Binti," akasema Harage, "utafiti wako wote ni wa watu waliolala."

Nikapita dawati kwa dawati nikitafuta hata mmoja aliye macho.

Akaagiza aletwe mtu ambaye hajawahi kuonja harage. Akaletwa Kabichi, kijana wa kijani, amevaa sare iliyopigwa pasi, furaha imemjaa kwa kuwa anajua kazi ni yake.

"Msomee," akasema Harage.

Nikafungua rasimu. Nikakohoa. Nikasoma: "Tangu zama za kale binadamu amekuwa akihitaji chakula, na chakula nacho kimekuwa kikihitaji binadamu."

Kabichi akakunja jani moja. Nikaendelea. Akakunja la pili. Nilipofika "kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali" alikuwa amejifunga mviringo, anakoroma. Mzani ukalala mshale chini. Moto chini ya sufuria ukapungua wenyewe. Feni mbovu ikapiga miayo.

Niliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Nilikuwa nimejiona mvumbuzi, kumbe mimi ndiye ugonjwa.

Harage alikuwa anajitahidi kushikilia kope. "Endelea... hapana, usiendelee. Binti, nina watoto stoo. Wote wanakutegemea. Asubuhi sema ulichokiona tu. Sikuombi zaidi."

"Na wakinicheka?"

"Watakucheka," akasema, akalala.

Nikabaki peke yangu niliye macho. Nikasema nisome mstari mmoja zaidi, labda mbele mambo yanachangamka. Nikasoma. Nikapiga miayo kwa maandishi yangu mwenyewe, nikalala ndani ya ndoto, na ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ndoo zinagongana bombani, mtu anatafuta soksi yake kwa matusi. Nikafurahi kwamba ilikuwa ndoto tu. Nikaketi, nikainua macho kitanda cha juu.

Tulinagwe alikuwa ameketi vile vile nilivyomwacha jana, mgongo umeegemea ukuta, miguu inaning'inia. Mswaki ulikuwa bado mdomoni. Dawa ya meno ilikuwa imemkaukia kidevuni.

Tulinagwe ana vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza maharage tangu tukiwa kidato cha tano.

Nikamtikisa mguu. "We Tulinagwe. Jana jioni ulikula nini?"

Akafumbua jicho moja. "Ndizi," akasema, mswaki ukicheza. "Si unaijua hali yangu, shoga."

"Nilipokuwa nakusomea, ulilala nimefika wapi?"

Akafikiri kidogo. "Pale binadamu anapohitaji chakula."

Hiyo ni sentensi ya kwanza.

Nikachukua kalamu, nikaweka rasimu mapajani. Kwenye kichwa cha utafiti nikafuta neno maharage, na juu yake, kwa mwandiko mzuri, nikaandika jina langu.