Mpaka Taa Iwake

Mume wangu ni fundi wa lifti, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Kitu chochote kinachopanda na kushuka kwa kubonyezwa kitufe humtoa udenda. Siku alipoambiwa kwamba lile jigari la kifahari, la mtumba lakini linang'aa, lina springi za hewa na linaweza kujiinua na kujishusha lenyewe, akili zikamruka. Akatoa kigari chetu kidogo kwa kubadilishana, akaongezea na akiba, akaja nalo nyumbani akipiga honi tangu kona ya barabara.

Mimi naoka keki. Kigari kile kilikuwa kinanipelekea keki mji mzima kwa mafuta ya kunusa tu. Hili jipya, nikipeleka keki moja ya harusi upande wa pili wa mji, faida yote imebaki kwenye tangi. Na si mafuta peke yake. Tairi lake moja ni bei ya manne ya watu wengine, na bima ndiyo usiseme. Mara springi moja ya hewa imetoboka, gari limelala upande kama mtu mwenye jipu, na muuza vipuri akisikia tu ni gari gani anatabasamu kabla hajataja bei. Nilisema mpaka mdomo ukakauka. Mume wangu alikuwa na jibu moja tu: tatizo si gari, ni mguu wa dereva.

"Basi tuuone huo mguu wako," nikamwambia.

Tukawekeana sharti. Jumamosi tungeweka nusu tangi, twende kwa mama yake na kurudi. Taa ya mafuta ikiwaka kabla hatujafika nyumbani, jigari linauzwa. Isipowaka, mimi nafunga mdomo wangu moja kwa moja. Alikubali kwa shingo upande, maana analipenda gari lile kuliko anavyopenda usingizi, na anajua kwenye mambo hayo sina utani.

Safari yenyewe ilikuwa kichekesho. Alivua viatu aendeshe pekupeku. Alizima kiyoyozi. Tairi la akiba aliliacha nyumbani, halafu akaniuliza kama mkoba wangu nao ulikuwa na ulazima. Kwenye mlima alikanyaga pedali kama anakanyaga yai, mpaka baiskeli ikatupita, na mwenye baiskeli akageuka kututazama kwa huruma. Mimi nilikaa nikiutazama mshale wa mafuta ukishuka, roho yangu kwatu.

Mama mkwe tulimkuta barazani. Tangu nyonga ianze kumsumbua alikuwa hatoki. Magari madogo yanamtaka ainame na kujikunja, na akijikunja tu machozi yanamtoka. Tuliwahi kujaribu kumpakia kwenye kigari chetu, tukamrudisha ndani kabla hata mlango haujafungwa. Mdogo wake wa tumbo moja anaishi mtaa wa mbali katika mji huohuo, naye miguu imemchoka, kwa hiyo wamebaki kupigiana simu kama watu walio nchi mbili.

Mume wangu, kwa kujionyesha tu, akabonyeza kitufe chake. Gari likashuka taratibu likihema. Mama mkwe akasogea na mkongojo, akakipapasa kiti cha nyuma. Kilikuwa sawasawa na kimo cha nyonga yake. Akageuka, akakaa kama anavyokaa kitandani kwake, kisha akaingiza mguu mmoja, na wa pili. 

"Sijaumia," akasema.

"Ndiyo maana nililinunua, mama," mume wangu akadakia.

"Mwongo wewe," nikamwambia, na mama mkwe akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka.

"Nipelekeni kwa mdogo wangu," akasema.

Safari hiyo haikuwamo kwenye sharti. Mume wangu akanitazama, nikamwambia aendeshe. Lakini mtu aliyefungiwa muda mrefu haendi moja kwa moja. Mama mkwe alitaka kwanza apite sokoni aone maduka mapya. Alitaka kiyoyozi. Alitaka tupite mbele ya nyumba ya shoga yake aliyekuwa anamtangaza kwamba hatatoka tena, tena tupige honi. Tukapiga. Shoga akatoka na taulo kichwani, na mama mkwe akampungia mkono polepole, kwa heshima zote. Nilicheka mbavu zikaniuma.

"Zunguka tena," nikamwambia mume wangu. "Hakutuona vizuri."

Tulipokuwa tunazunguka, taa ikawaka. Mume wangu akaegesha kando ya barabara, akazima injini. 

"Umeshinda, mke wangu," akasema.

Mama mkwe akauliza nimeshinda nini, na mwanawe, ambaye hajawahi kuweza kumdanganya, akamweleza yote.  Mama akaanza kuutafuta mkongojo wake chini ya kiti.

"Basi nirudisheni tu, wanangu. Mdogo wangu nitampigia. Leo nimeona mengi."

Alisema kwa uchangamfu, na uchangamfu ule ndio ulionichoma.

"Hebu nipishe hapo," nikamwambia mume wangu. Nikakaa kwenye usukani na viatu vyangu, nikakanyaga mafuta bila adabu yoyote mpaka kituoni.

"Nikuwekee kiasi gani, mama?" mhudumu akauliza.

"Jaza," nikamwambia. Mume wangu akafungua mdomo. "Na wewe usiniulize kitu. Gari haliuzwi."

Mama mdogo, aliyepigiwa simu na dada yake njiani, alikuwa ameshatoka langoni tulipofika, ameshikilia nguzo. Nikabonyeza kitufe, gari likamshukia. Akakaa kando ya dada yake, wakatazamana.

"Umenenepa, dada."

"Na wewe umezeeka."

Wakashikana mikono, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mlango ulikuwa bado wazi, chai ilikuwa tayari ndani, na hakuna aliyekuwa na dalili ya kushuka. Nikawauliza wanataka niwapeleke wapi.

"Mbali," akasema mama mkwe.